Kiti cha Karibu na Mlango

Mimi ni mtu wa kupanga. Nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi, na anayeweza kuwapanga watoto sabini kwenye foleni ya uji hawezi kushindwa na wazee ishirini na sita wa kigango. Ndivyo nilivyojidanganya. Kila mwaka baada ya Pasaka, masika yakianza kulegea, sisi wazee tunakodi Kosta moja kutoka Musoma. Tunapita Butiama kwenye makumbusho, tunakula mchana Bunda, tunaingia geti la hifadhi kutazama wanyama, tunarudi kabla ya giza. Mwaka huu daftari la viti lilikuwa mkononi mwangu.

Kiti kimoja nilimwekea mama. Mama anaishi Butiama, ana miaka themanini na kitu, nyonga yake imechakaa, na nyumbu hawamhusu hata kidogo. Alichotaka yeye ni Bunda. Huko alikuwako mdogo wake, ambaye hakuwa ameonana naye kwa miaka sita, na wiki ile ile alikuwa anahamishwa kwenda kuishi kwa mwanawe Mpanda. Mtu wa umri ule akishafika Mpanda harudi, na wote wawili walilijua hilo. Tulikubaliana na binti yake amlete kwenye mgahawa tutakaokula. Mama akashonesha gauni, na kila jioni akawa ananiuliza kwenye simu kama siku haijabadilika.

Asubuhi ya safari, mpwa wa mume wangu aliyekuwa aje kukaa naye alipiga simu kutoka Murangi kwamba wamefiwa, haji. Mume wangu amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi. Hasemi, ila anaelewa kila kitu, na hawezi kuachwa peke yake hata kwa saa moja. Niligonga milango miwili hapo kwetu Kamunyonge. Watu walikuwa wameshaamkia mashambani. Nikasema basi, tutakwenda naye. Wanaume wawili walimbeba, na kwa kuwa njia ya katikati ya Kosta ni nyembamba wakamweka kwenye kiti cha kwanza, karibu na mlango. Alifurahi jamani. Alicheka kwa ule upande wa mdomo unaoweza kucheka, na tulipotoka Iringo alikuwa anatazama maduka kama mgeni.

Niseme kosa langu wazi. Sikusahau kwamba mume wangu ni mkwe wa mama. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Miaka thelathini na tisa ya ndoa yangu, mama akija Kamunyonge mume wangu hutoka kwa mlango wa nyuma, harudi mpaka mgeni ameondoka. Wengine hutoa mbuzi na blanketi, mambo yakaisha, wakasalimiana kama watu wengine. Mume wangu hakutoa, na si kwa ubahili. Alisema kumtazama mkwe machoni kwa bei ya mbuzi ni kumshusha. Mama alipolisikia hilo alimpenda kuliko wanawe wa kuzaa. Sasa mimi, mwalimu mzima, nikafikiri ugonjwa unafuta ukwe. Nilifikiri mtu anayevalishwa suruali na mkewe si mkwe tena wa kuogopwa. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Tulimkuta mama kando ya barabara Butiama, amevaa gauni jipya, kitenge begani. Mlango ukafunguliwa, akainua mguu mmoja, akamwona. Alirudi nyuma haraka kuliko nyonga yake inavyoruhusu, akajifunika uso, akatugeuzia mgongo. Mume wangu naye alikuwa ameshainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na mkono wake mzima umeziba macho.

Wazee wakaanza kutoa ushauri, na hakuna adhabu kama Kosta nzima ya washauri. Mmoja alisema mgonjwa ahamishwe nyuma, lakini kupita na mtu mzima aliyelegea katikati ya viti vile ilikuwa haiwezekani. Wanawake wawili wakashuka na vitenge vyao, wakavitandaza wafanye ukuta ili mama apite bila kuonana naye. Mama akajibu bila kugeuka.

"Nikishapita huo ukuta, si tutakaa humo humo na yeye mpaka Bunda?"

Nikachanganyikiwa. Nikamwambia mama kwamba yule ni mgonjwa, hajui hata nani yuko mbele yake. Nilisema kwa sauti ya darasani, na mume wangu alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Kosta ikatikisika. Nilipogeuka alikuwa amekamata chuma cha mlango kwa mkono wa kushoto, anajivuta. Alikuwa anashuka ampishe mama. Mguu mzima uligusa ngazi, ule mwingine haukuja, akaanguka ubavu. Dereva alimdaka kabla kichwa hakijafika chini. Suruali yake ililowa mbele ya watu wote, na kilichomtoka kooni hakikuwa neno.

Mama alisikia yote, na hakugeuka. Wengine kwenye Kosta waliona ni moyo mgumu. Mimi ninajua kwamba angegeuka angemwona mkwe wake katika hali ile, na lisingefutika.

"Mrudisheni kwenye kiti," alisema. "Miaka yote yeye ndiye ananipishaga. Leo mimi nampisha."

Nilijaribu kila nilichoweza kufikiria. Kumwacha mume wangu Butiama? Nyumba pekee ninayoijua pale ni ya mama, na hiyo ndiyo nyumba asiyoweza kukanyaga. Kushuka naye na kubaki barabarani? Mvua ilikuwa inakuja, na mama alishasema kwamba mkwe asishuke. Pikipiki haifai kwa nyonga ile, na basi la asubuhi la Bunda lilikuwa limeshapita. Nilimpigia mtu mwenye gari dogo, gari lilikuwa kwa fundi. Daftari langu la viti lilikuwa bado mkononi na halikuwa na msaada wowote. Dereva akatazama saa, wenye hamu ya nyumbu wakaanza kukohoa, na makumbusho tukayaruka. Nilimwacha mama pale pale barabarani, mgongo wake ukiwa umetuelekea.

Nilimbadilisha mume wangu nguo kwenye kituo cha mafuta, wanawake wakinikinga kwa vile vile vitenge.

Bunda, mama mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani mwa mgahawa, anamkazia macho kila anayeshuka. Wenzangu walishuka wote. Nikaenda, nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza. Nilitegemea anigombeze, na kwa kweli nilitaka anigombeze. Badala yake aliuliza kama mkwe yuko ndani ya gari. Nikasema yumo. Akanyanyuka kwa shida, akakigeuza kiti mpaka mgongo wake ukaelekea Kosta, akaketi tena.

Dada wa mama mkwe ni mama mkwe pia. Hata hilo lilikuwa limenitoka.

"Dada amefanya sawa," alisema. "Mimi pia nisingepanda."

Kisha akalia. Nikapiga simu walau wasikie sauti, lakini simu ya mama hushikwa na kaka yangu, na kaka alikuwa shambani. Tulikaa hivyo, mimi nimemshika mikono, mpaka binti yake akasema wingu limekuwa zito, bora waondoke.

Hifadhini wenzangu waliona nyumbu, wengine walisema hata simba. Mimi niliona kisogo cha mume wangu. Nilikuwa nimemletea sato na ugali, nimemchambulia miiba, alifunga meno. Nilimpa maji, akageuzia uso dirishani. Nilimwomba radhi kwa lugha ya kwetu, nikaomba tena, na asiyesema hana namna ya kukwambia kama amekusamehe.

Jioni tulipopita Butiama mama alikuwa barabarani. Alisikia Kosta, akageuka upande wa shamba, akasubiri. Nilishuka nikaenda kusimama mbele yake. Aliniuliza kama mdogo wake amekonda. Nikasema amekonda. Akauliza alisema nini, nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali, akapangusa pua kwa ncha ya kitenge.

"Na mkwe wangu," akasema, "alikula?"

"Alikula, mama."

"Afadhali."

Akashika njia ya kwenda nyumbani, taratibu, kwenye tope. Kulikuwa na mwinuko mbele yake, na mtu wa kumshika mkono hakuwapo. Dereva alikuwa ameacha mlango wazi, na kwenye kiti cha karibu na mlango kulikuwa na mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Nikapanda.