Balozi Makongoro na Paa la Nyamburi

Yusufu Makongoro alizaliwa Butiama, akasilimu akiwa kibarua Tabora, akasoma kwa masheikh wa huko kabla ya kurudi karibu na kwao, Bunda, kushona nguo na kusomesha watu wazima wachache pale Nyasura. Somo alilolipenda ni ubishi wa kale wa wanazuoni wa Kiislamu. Wamuutazila wa Basra walisema akili ya mwanadamu inautambua uovu hata kabla ya kuletewa kitabu. Waashari wakajibu kwamba jema ni lile aliloamrisha Mungu, na akili peke yake haitoshi. Makongoro alikuwa upande wa Waashari.

Majirani zake, Wakatoliki na wafuasi wa mila, walimheshimu, wakamchagua balozi wa nyumba kumi.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia vijijini. Makongoro aliuamini Ujamaa, akawasaidia watu kubeba mizigo. Mwishowe ikabaki nyumba ya Nyamburi, mjane mzee aliyelala na homa. Msimamizi wa uhamisho akamwambia Makongoro aezue paa, ili bibi asiwe na pa kurudi. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani.

Makongoro alishika ngazi, kisha akaiachia.

"Ndugu, nyumba ya huyu mama siezui."

"Nani amekuruhusu kukataa?"

Makongoro akaondoka kwenda kumwita mkewe.

Paa likaezuliwa na wengine. Yeye na mkewe, Wegesa, wakambeba bibi na kitanda chake hadi kwao, wakamuuguza mpaka akapona. Ubalozi akanyang'anywa.

Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua alikuja kumweleza Masatu, aliyesoma naye Tabora. Masatu alimtuliza kwamba aya za kuwahurumia wanyonge ni nyingi, kwa hiyo alikuwa ametii amri ya Mungu tu.

"Aya nazijua," alisema Makongoro. "Ila nilizikumbuka jioni. Pale kwenye ngazi sikukumbuka hata moja. Nilijua tu kwamba ni vibaya."

Masatu akasema huenda zilikuwa zimeshamwingia moyoni. Makongoro akamuuliza, na Nyamburi je, ambaye hajawahi kuzisikia, lakini miaka ya njaa alikuwaga anapikia watoto wa wenzake? Masatu akakiri kwamba hilo kwa Waashari ni gumu.

Makongoro aliendelea kusomesha hoja za Waashari, lakini za Wamuutazila hakuzipita tena haraka haraka. Wanafunzi walipotaka kujua yeye yuko upande gani, aliwaambia bado anafikiri.