Bata Mkalimani wa Swima

Sikwenda Swima kutembea. Nilikwenda kumkataza mama mkwe wangu jambo, na kwetu Fizi mwanaume wa kumkataza mama mkwe bado hajazaliwa. Hata kumtazama usoni ni aibu. Lakini habari iliyotufikia ilikuwa mbaya: maji ya ziwa huko Swima yamegeuka kijani, bata watatu wa jirani wamekufa, na mama mkwe anao saba wanaooga humo kila siku, anawapenda kuliko sisi sote.

"We njo utaenda, si mi," aliniambia mke wangu, Zawadi. "Mi na hii tumbo ya miezi munane nitapanda pikipiki namna gani?"

Asubuhi, kabla ya kuondoka mjini kwetu Baraka, nilipitia kwa daktari wa mifugo. Alinieleza kwamba ukijani ule ni viumbe vidogo sana vinavyozaliana maji yakiwa ya joto, yametulia na yamejaa uchafu. Vingine vina sumu.

"Hata mukichemsha, sumu haitoke," alisema. "Na bata, hata asipokunywa, anasafisha manyoya na mudomo, anameza. Samaki yenye mutakuta imekufa, musikule."

Saa nne, Mboko. Dereva wa pikipiki alisimama kununua muhogo wa kuchoma, akaniuliza naenda wapi. Nilipomweleza alicheka mpaka muhogo ukamtoka mdomoni.

"Weye? Utamukataza mukwe? Kaka, turudilie hapa hapa."

Sikurudi, ingawa nilifikiria.

Saa sita, Swima. Ufukweni maji yalikuwa mazito kama rangi ya mlango, na samaki wadogo walielea matumbo juu. Mbwa mmoja alishuka kunywa. Nikamrushia kiatu, mbwa akakimbia, kiatu kikatua majini na sikuthubutu kukifuata. Ndivyo nilivyoingia ukweni na kiatu kimoja.

Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio, mimi nikatazama ukuta. Katikati yetu alisimama bata dume mkubwa. Hapo nikapata akili.

"We bata," nikasema, "maji ya ziwa iko na sumu. Usiende kuoga."

Mama mkwe naye akamgeukia bata. "Bata, umuambie mukwe yangu, unaoga mule tangu ulizaliwa."

"Bata, umuambie mama kwa heshima, bata batatu ya jirani bamekufa."

"Bata, umuambie bale balikuwa bazee."

Bata alitutazama kwa zamu, akachoka na maneno yetu, akaelekea ziwani. Wenzake sita wakamfuata.

Adabu yote ikanitoka. Nikaruka kuwazuia, nikaangukia kwenye beseni la ndagala, dagaa wakavu, nikapiga kelele nikimtazama mama mkwe usoni kabisa: "Mama! Funga mulango! Batakufa!"

Akaufunga mlango wa bati wa lupango, ua uliozunguka nyumba. Bata wa mbele akagonga bati kwa mdomo. Nililala juu ya ndagala nikiona aibu ya kweli, nikajua leo ndoa yangu imeisha.

"Bata," mama mkwe akasema taratibu, "umuambie mukwe yangu nimesikia. Na aamuke, ndagala ni ya kuuzisha."

Alasiri tuliwaogesha wote saba kwa maji ya robine, yaani ya bomba, maana asubuhi walikuwa wameshaogelea. Yeye alishika mabawa, mimi nikasugua, kila mtu akitazama upande wake.

Kesho yake, njia ya kurudi. Alinipa zawadi ya bata dume yule yule, ndani ya kikapu. Dereva akauliza kama nilisema na mkwe.

"Bata njo alisema," nikamjibu.

Nilijifunza kwamba si kila kijani ni uzima, na kwamba heshima ina mahali pake, ila sumu haingoji adabu.

Juma lililofuata Zawadi alikuwa ameshabandika maji ya kumnyonyolea bata wakati simu ilipolia. Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mama mkwe: "Mupe bata simu."

Nikaongeza sauti, nikaiweka kwenye kichwa cha bata, ambaye alikuwa hajachinjwa bado.

"Bata, umuambie mukwe yangu, upepo umesukuma ule uchafu, maji inaonekana muzuri. Lakini benzako bangali ndani ya lupango. Batangoja mupaka yeye aseme."

Zawadi akamtazama mkalimani wetu, akaipua sufuria.