Uongo wangu wanauamini kuliko mafuriko

Habari admin, na habari zenu nyote mtakaosoma. Jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni huku Rufiji, upande wa Mohoro, maana wanaonijua ni wengi na wamo humu humu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wawili. Nalima mpunga bondeni na nina kibanda cha kuchaji simu. Kibanda hicho ndicho kilichoniponza, kwa sababu mtu akileta simu hukaa, na akikaa huuliza, "Haya, dunia inasemaje?" Na mimi sikuwahi kukosa jibu.

Kabla ya masika iliyopita walikuja wapimaji, wakachomeka vigingi bondeni, wakaondoka bila maelezo. Wiki chache baadaye mtendaji wa kijiji akapita na kipaza sauti: mvua za bara ni kubwa, mto utajaa, wanaoishi bondeni wahamie juu. Mimi nikaunganisha mambo. Nikarekodi sauti kwenye grupu letu, nikasema mafuriko ni kisingizio, bonde limeshauzwa kwa mwekezaji wa miwa, atakayehama leo kesho atakuta uzio. Nikamalizia kwa kusema, "Nina mtu wangu wilayani, amenihakikishia." Ndugu zangu, sina mtu wilayani. Simjui hata mlinzi wa getini. Niliongeza hilo kwa sababu bila hilo maneno yalikuwa mepesi.

Watu waliamini, na siwalaumu. Babu zetu walishahamishwa bondeni zamani kwa sababu ya mafuriko hayo hayo, na wazee bado wanalisimulia kwa uchungu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Mbagala ikarudi. Siku ya tatu shemeji yangu aliyeko huko alinitumia sauti ya mtu mwenye besi, anaapa kwamba bonde limeuzwa na mkataba ameuona kwa macho yake. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Si mimi peke yangu." Akanitazama. "Baba Zuhura, hayo si maneno yako hayo?" Nikamjibu lisemwalo lipo. Na wallahi wakati huo na mimi nilishaanza kuamini.

Sasa kuna shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa bondeni na mjukuu wake wa kike wa miaka saba, wanakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga na ndege. Aliposikia tangazo alikuja kibandani kuniuliza. "Babangu, nisikie kwako. Mie n'hame?" Watu walikuwa wamejaa, wote wananiangalia. Nikamwambia, "Shangazi, ukihama umewapa shamba." Akacheka, akanibariki, akarudi zake bondeni.

Siku mbili baadaye nilipita mtoni nikaona maji yamebadilika rangi na yanashusha magogo. Sikumwambia mtu. Nilimchukua mke wangu na watoto, nikafunga nguo na mbegu, nikaenda nao Kibiti. Majirani niliwaambia tunakwenda harusini. Njiani mke wangu aliuliza, "Na shangazi je?" Nikasema nitampigia. Sikumpigia. Nilikuwa naona haya kumwambia atoke, wakati kijiji kizima nilishakiambia kisitoke.

Maji yalikuja kesho yake. Shangazi alikaa juu ya dungu siku mbili, mtoto mgongoni, na nyoka aliyekimbia maji kajikunja kona ya pili; wakaachiana nafasi. Mtumbwi ulipowafikia, nguzo mbili zilikuwa zimeshalala. Mpunga wote ulikwenda, na mguu aliojikata wakati wa kushuka haujapona sawasawa, anatembelea fimbo.

Nilirudi nikiwa tayari kutukanwa. Nikapokewa kama shujaa! Kibandani wakaniambia, "Si ulisema wewe? Wameshindwa kututoa kwa maneno, wametuletea maji." Mimi sikusema hivyo, mimi nilisema maji hayaji. Lakini hakuna anayekumbuka. Nikiwaambia mvua ilinyesha bara mwezi mzima, na mto huu umekuwa ukijaa tangu hatujazaliwa, wananiangalia kwa huruma kama mgonjwa. Naona aibu hata kufungua kibanda.

Kijiji kimegawa viwanja huku juu, karibu na barabara. Jina la shangazi lipo, amekataa kusaini. Nilimfuata nikamwambia yale maneno niliyatunga, hakuna mwekezaji wala mtu wangu wilayani. Akachungulia mlangoni kwanza, kisha akanong'ona.

"Wamekutisha, babangu?"

"Hapana, shangazi. Nilidanganya."

"Basi nyamaza. Sema hivyo hivyo wanavyotaka, watakuacha. Mie n'nakuelewa." Akanipakulia wali. Nilikula huku natazama sahani tu.

Masika inakaribia tena. Shangazi anarudi bondeni na mjukuu wake, na amenituma nimkatie nguzo sita za dungu jipya, ndefu kuliko zile za mwanzo. Nimekata, ziko uani kwangu, Jumamosi anazitarajia.

Najua neno moja tu litakalomfanya asaini kile kiwanja. Nimwambie siku ile sikwenda harusini. Nimwambie niliyaona maji, nikawatoa wangu, nikamwacha yeye na mtoto. Hilo ataliamini, maana mke wangu ni shahidi na ameshaniambia hatanifichia akiulizwa. Lakini huyu ndiye mama niliyebaki naye, na nikilisema sidhani kama ataitikia tena shikamoo yangu. Nitukaneni, ninastahili, ila mkimaliza mnishauri: Jumamosi nimpelekee ukweli, au nimpelekee nguzo?