Mama Neema kapiga windo mpya

Jamani, jirani yangu kanigeuka mchana kweupe.

Mimi na Mama Neema tuna steshenari zinazotazamana hapa Mwanjelwa. Tulikubaliana kompyuta zetu zibaki na windo ya zamani, ile programu inayoendesha kompyuta, ili kazi ya mteja ikianzia kwake imalizikie kwangu bila kuvurugika.

Jumamosi fundi alinibembeleza nibadilishe. Nikamfukuza, kwa heshima ya Mama Neema.

Leo wino umeniishia, nikaenda kwake kuchapa kadi za harusi. Naangalia kioo cha kompyuta yake, kila kitu kipya.

"Usinune, mwenzangu. Fundi kaniwekea jana, kwa flashi hiyo hapo."

Flashi nyekundu. Yangu. Mama Neema aliiazima Jumamosi hiyohiyo, eti ya nyimbo za kwaya.

Niambieni, niidai leo au nikaidai Jumapili mbele ya kwaya?