Bango Juu ya Meza ya Sabuni

Fundi wa mabango wa Magarama, mjini Gitega, alikuwa na kipimo kimoja tu. Kila bango kubwa la maonyesho, kitambaa kilichokazwa kwenye mabomba mepesi ya kukunjwa, alilitundika kwenye boriti za karakana, akajilaza chali chini yake, mikono tumboni. Usingizi ukimchukua, bango limeiva, haliwezi kumwangukia mtu. Espérance, muuza sabuni kutoka Uvira, mara ya kwanza alipomkuta hivyo alidhani fundi amekufa, akaanza kumwombea.

Kwenye maonyesho ya Muyinga fundi alilitundika bango la Espérance kwenye boriti ya ukumbi, juu ya meza yake, akalala chini kama kawaida. Macho yakakataa kufumba.

"Fundi, wageni banafika! Kuko nini?"

"Boriti ina ufa upande huu, mama. Hapa mimi silali."

Akaifungua kona ile ya bango, akaiinua kwa mti mrefu, akaushikilia mwenyewe kwa mikono miwili. Watu wakapita chini, wakanusa sabuni, wakanunua. Espérance alinuna hadi mchana, maana mtu aliyeshika mti si pambo la biashara. Kisha akanawa mikono, akafunua bakuli la bugali na samaki wadogo wa ndagala, akamega tonge, akamtia fundi mdomoni, huku akimweleza mteja kwamba sabuni hii haichubui ngozi.