Mtafuta Rupia wa Magomeni

Wasomaji wangu, wiki hii tumemzika yule bwana wa Magomeni yetu ya huku kusini aliyekuwa akizunguka na mashine ya kutafutia mabomu, masikioni kavaa vikombe vya kusikilizia, mkononi kashika mpini wenye kitu kama sinia, anakipitisha juu ya ardhi taratibu kama anayepiga pasi kanzu ya Idi. Homa imemchukua, Mungu amrehemu. Mazikoni watu walijaa hata nikadhani bandari imefungwa na meli zimeambiwa zisubiri. Wengi wenu mlimfahamu, na wengine, msikatae, mlipata kumkimbia mkidhani ardhi italipuka.

Kazi ile alijifunza alipokuwa keya, askari wa Mwingereza, katika vita vya pili huko Bama. Vita vilipokwisha akanunua mashine kuukuu kwenye mnada wa vyombo vya jeshi, akarudi kwetu kutafuta kitu chenye heri zaidi: rupia za Mjerumani na reale, sarafu za fedha za zamani, ambazo wazee walizifukia vita vya kwanza vilipoingia. Sikio lake, naapa, lingesikia sindano ikianguka Msimbati naye amekaa Mikindani. Lakini mimi nilipenda zaidi alivyozipima. Aliishika rupia kwa ncha za vidole, ukingoni tu, akaigeuzia jua na kumtazama ndege aliye juu ya kofia ya Kaisari, mfalme wao Wajerumani aliyechorwa humo. Manyoya ya ndege yakionekana yote, rupia hiyo aliiita bibi harusi. Yakiwa yamefifia, mama wa watoto. Ndege akiwa amebaki kama kiazi, ajuza. Iliyotobolewa kwa ajili ya mkufu ilikuwa majeruhi. Na watu wetu, kwa kuwa wamezoea sonara anayepima uzito tu, walimletea fedha iliyosuguliwa kwa majivu na limau mpaka inang'aa kama kipara changu. “Mmemchuna ngozi!” alilalama. “Mgonjwa mnampeleka kwa daktari mmeshamchuna ngozi!”

Nitawasimulia siku moja tu. Hapo Magomeni palikuwa na mama mmoja na mdogo wake wa kiume waliokuwa hawapikiani futari tangu ujana wao. Baba yao alichukuliwa upagazi katika vita vile vya kwanza, hakurudi. Dada akasema baba aliifukia fedha yake ndani ya nyumba. Kaka akasema dada ameipeleka kwa sonara akafanyiwa bangili. Nyumba ikaanguka, kiwanja kikamea vichaka, na yule mama akazeeka na jina la mwizi. Ndipo ukaja ujenzi wa bandari, na barabara ikapimwa kupita palepale. Katapila lilikuwa limeshafika kwa jirani. Likipita, basi, mama atakufa na jina lile.

Marehemu akaenda na mashine yake, nasi tukamfuata kama tunakwenda ngomani. Mashine ikalia, wakachimba: bawaba ya mlango. Ikalia tena: jembe bovu. Ikalia tena: kopo la samaki.

“Dada, hiyo ndiyo fedha ya baba?” kaka akauliza, na watu wakacheka hadi wakashikana mabega. “Mpikie basi, ale samaki wake!”

“Cheka, mwana wa mama,” dada akajibu. “Meno unayo bado.”

Marehemu hakucheka. Akamwuliza mama jiko lilikuwa upande gani, kitanda cha baba upande gani, akahama huko. Mashine ikapiga kelele ambayo mimi, niliyesimama mbali, niliisikia hadi tumboni. Kikatoka chungu kidogo, na ndani yake bonge jeusi kama mkaa.

Mama alilia, kisha akafanya ambalo yeyote kwetu angelifanya: akaagiza majivu na limau, ili kaka aione fedha ikiwaka. Marehemu akamdaka mkono. “La, mama yangu! Ukiisugua tu, atasema umeinunua jana ukaja kuifukia.” Akamwita kaka. “Bwana, njoo uone. Weusi huu hauji kwa usiku mmoja. Na hapa, unaziona nyuzi? Kitambaa kimeoza, lakini alama yake imebaki juu ya fedha.” Akazibandua moja moja kwa subira iliyotuchosha sote. Zote zilikuwa rupia za Mjerumani. “Itafute ya Mwingereza humu. Aliyefukia hakuwahi kuiona.”

Kaka akachutama. Alizigeuza moja moja, dereva wa katapila akimngoja. Halafu akasema, bila kuinua uso, “Dada, leo umepika nini?”

“Muhogo.”

“Basi nakuja kula.”

Huyo ndiye tuliyemzika, na nimemfikiria sana wiki hii. Mji wetu unakua, kila mtu ana haraka, na kumhukumu mwenzako ndiyo kazi pekee isiyohitaji kuajiri kibarua. Kwa miaka yote ile sisi majirani, wenye dini na wenye shule, mimi na cheti changu cha masomo ya jioni, tulimwuliza yule mama fedha iko wapi. Marehemu ndiye mtu wa kwanza aliyemwuliza kitanda cha baba kilikuwa wapi.