Kumi ya Mama

"Kumi ni kazi gani?" mama aliniuliza.

Tulikuwa tumetoka hospitali Nachingwea, mimi nikisukuma kiti chake cha magurudumu, yeye amepakata dawa zake za presha. Bodaboda ilikuwa imemwangusha akitoka shambani Mbekenyera na gunia la ufuta, na mgongo haukupona. Mtaalamu wa mazoezi, kijana wa rika langu, alitaka mama ajisukume mwenyewe kila asubuhi, na kila akipumzika ajipe namba. Sifuri ni kukaa tu. Kumi ni kuchoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani. Kwa sababu ya presha, asizidi tano.

Nilimbishia palepale. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Kubisha ndiko kulikobaki.

"Hisia inakuwaje kipimo?"

"Dada, saa za kupima mapigo ya moyo hatuna. Tuna mdomo wa mama."

"Na mdomo ukidanganya?"

Akacheka. "Mama zetu hawadanganyi. Wananyamaza tu."

Mama alitaka kitu kimoja: kupanda kilima cha kanisani kwa mikono yake mwenyewe. Tangu aanguke, wanakwaya ndio waliomsukuma. "Napelekwa kama gunia," alisema.

Namba hazikumwingia, kwa hiyo tukatumia kazi. Kuokota korosho tukaiita mbili. Kupalilia ufuta, nne. Kutwanga mahindi, sita. Nilipouliza kumi tuweke kazi gani, alitazama pembeni.

"Hiyo iache."

Kila asubuhi alizunguka uani, nami nikamfuata nyuma.

"Sasa hivi kazi gani, mama?"

"Korosho."

Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni.

"Korosho gani hizo mtu anaokota huku anahema?"

"Za mwaka huu nzito."

Nikaanza kujiuliza nani kati yetu amekosea. Labda kweli hakuchoka. Niliyekuwa nikitembea nyuma yake kwa miguu yangu miwili ningejuaje? Nilikidharau kile kipimo, na bado nikawa nakisubiri kila asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Jumapili moja alisema tuondoke mapema, kabla wanakwaya hawajaja. Katikati ya kilima alisimama, akashika magurudumu yasirudi.

"Kazi gani?"

"Palizi."

Nikaweka mikono kwenye vishikio vya nyuma.

"Usinipokee," alisema.

Nikaitoa. Akasukuma tena, na tena, kila mara kidogo kuliko mara iliyopita. Tulikuwa tumeshaanza kusikia kwaya ikijaribu sauti pale kichwa chake kilipolala begani. Kiti kikarudi nyuma, nikakizuia kwa tumbo.

Hospitalini walisema presha imepanda sana, na bega la kulia limechanika ndani. Alipozinduka, kijana wa mazoezi alimuuliza namba.

"Mbili," mama alisema.

Safari hii kijana hakucheka.

Bega halikurudi kama zamani. Sasa namsukuma mimi, Jumapili na siku nyingine zote, na njia nzima anatazama mapaja yake. Nilibaki na hasira na lile swali la kijinga la namba, na kidogo na mama pia, ambaye angeweza tu kusema ukweli.

Ni juzi tu, Ruangwa, tukibangua korosho, mdogo wake mama aliponiambia kwamba kabla sijazaliwa mama alikuwa na mtoto mwingine. Masika moja magari hayapiti, mtoto akashikwa na homa kali, mama akambeba mgongoni kwa miguu kutoka Mbekenyera kuelekea hospitali. Mtoto alifia njiani. Mama aligeuka akarudi naye, matope yakimfika magotini, na wanawake walipotoka kumpokea alikataa, akambeba mwenyewe mpaka mlangoni.